Mjumbe Huuawa: Namna ya Kufuatilia Kemikali za Neva Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa baiolojia, kwa mhudumu wa afya wa kijijini, kwa mkulima anayenyunyizia viuatilifu shambani, na kwa yeyote aliyewahi kuikunjua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa akaikunja tena bila kuelewa kitu. Ukiufuata hadi mwisho, utaweza kuchukua jina la dawa, sumu au ugonjwa unaogusa ubongo na neva, na kuonyesha kwa kidole ni mahali gani hasa kitu hicho kinaingilia mawasiliano ya seli. Huhitaji maabara, unahitaji karatasi, kalamu, na subira ya kumfuata mjumbe mmoja, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, tangu anapoumbwa hadi anapokatwa vipande. Nasema mmoja kwa makusudi, kwa kuwa kukariri majina ya wajumbe kumi humwacha msomaji na orodha asiyoweza kuitumia, ilhali anayemjua mmoja kwa undani huwatambua ndugu zake pindi anapokutana nao.

Mjumbe tutakayemfuata ni asetilikolini. Yeye ndiye wa kwanza kuthibitishwa kuwa anafanya kazi hiyo, na athari zake nyingi huonekana kwa macho: msuli ukijikunja, mate yakitoka, mboni ya jicho ikijibana, yeye yupo.

Anza kwa kuchora

Upande wa kushoto wa karatasi chora seli ya neva yenye mkia mrefu, yaani aksoni, unaoishia kwenye kitufe kilichovimba kidogo. Upande wa kulia chora seli inayopokea. Kwa mfano wetu iwe seli ya msuli wa mkono. Kati ya kitufe na msuli acha ufa. Wengi huchora seli hizo zikiwa zimegusana, na kosa hilo dogo huharibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu habari yote ya wajumbe wa kikemikali imo ndani ya ufa huo. Upana wake halisi ni kati ya nanomita 20 na 50, na unywele mmoja wa binadamu una unene unaouzidi kwa zaidi ya mara elfu moja. Mahali hapo panapokutana kitufe, ufa na seli inayopokea ndipo panapoitwa sinapsi.

Juu ya aksoni chora mshale unaoelekea kwenye kitufe. Huo ni umeme. Seli ya neva iliyotulia huwa na chaji hasi ndani yake, kiasi cha milivolti 70 chini ya nje. Inaposisimuliwa, milango ya sodiamu hufunguka, ayoni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji chanya, huingia kwa kasi, na wimbi hilo hukimbia kando ya aksoni kwa mwendo unaoanzia mita moja hivi kwa sekunde katika neva nyembamba za maumivu hadi mita 100 kwa sekunde katika neva nene zenye ala ya mafuta. Wimbi likifika kwenye kitufe hukwama, kwa kuwa haliwezi kuuruka ufa. Zipo sinapsi chache ambazo seli zake zimeunganishwa na umeme ukapita moja kwa moja, lakini ziache kando kwa sasa.

Kwamba kinachouvuka ufa ni kemikali lilikuwa jambo la ubishi mkali hadi mwaka 1921, mjini Graz nchini Austria, Otto Loewi alipochukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa bado inadunda. Aliisisimua neva ya vagasi, inayotoka ubongoni kwenda moyoni, ya moyo wa kwanza, mapigo yakapungua; kisha akayachukua maji ya chumvi yaliyokuwa yameujaza moyo huo akayahamishia kwenye moyo wa pili, ambao neva yake haikuguswa kabisa, nao ukapunguza mapigo vilevile. Umeme hausafiri ndani ya bomba la kunyonyea maji, kwa hiyo ilibidi kuwe na kitu ndani ya maji yale. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini, akaliandika usiku huohuo, na kulipokucha akashindwa kuusoma mwandiko wake. Lilipomrudia usiku uliofuata hakuthubutu kulala tena, akaenda moja kwa moja maabara. Kitu kile kilikuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Maswali ya kuandika pembeni ya mchoro

Pembeni ya mchoro wako andika maswali matano, na uyaache na nafasi ya kujazia majibu: mjumbe anaumbwa wapi na kwa malighafi gani; anaachiliwa vipi; anapokelewa na nani; anaondolewa vipi; na kitu cha kutoka nje, iwe dawa au sumu, kinafikaje mahali hapo. Kila jina utakaloliletea karatasi hii litaangukia kwenye swali mojawapo, na mara chache kwenye mawili.

Swali la kwanza halina mengi. Asetilikolini huundwa ndani ya kitufe chenyewe kwa kuunganisha kolini, ambayo tunaipata katika mayai, maini na maharage, na kipande cha asetili kinachotokana na uchomaji wa chakula ndani ya seli. Ikishaundwa hupakiwa katika vifuko vidogo mno, na kila kifuko hubeba molekuli elfu kadhaa. Chora vifuko vitano au sita ndani ya kitufe, karibu na ukingo unaotazamana na ufa.

Kwa swali la pili, chora mlango wa kalsiamu kwenye utando wa kitufe. Umeme unapowasili mlango huo hufunguka, kalsiamu huingia, na protini zilizokuwa zimekishikilia kifuko hujisokota kama nyuzi za kamba, zikakivuta hadi utando wake uungane na utando wa kitufe na yaliyomo yamwagike ndani ya ufa. Kuanzia umeme kufika hadi upande wa pili kuitikia hupita milisekunde moja au pungufu. Zitie alama protini hizo, maana tutazirudia tutakapofika kwenye pepopunda.

Swali la tatu ndilo linalowapotosha watu wengi, wakiwemo waandishi wa makala za afya. Husemwa kwamba dopamini ni kemikali ya raha na serotonini ni kemikali ya furaha, kana kwamba tabia imo ndani ya mjumbe. Haimo. Dopamini hiyohiyo huendesha mwendo wa viungo na huzuia maziwa ya mama yasitengenezwe wakati usiofaa, na sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili haimo ubongoni bali tumboni, ambako husaidia matumbo kusukuma chakula. Mjumbe ni kama ufunguo, na kinachotokea hutegemea mlango aliofungua. Tazama asetilikolini: kwenye msuli wa mkono hupokelewa na vipokezi ambavyo vyenyewe ni milango, molekuli mbili zikijishika, mlango hufunguka, sodiamu huingia na msuli hujikunja. Kwenye moyo hupokelewa na vipokezi vya namna nyingine kabisa, ambavyo huamuru milango ya potasiamu ifunguke, na moyo hupunguza mapigo. Mjumbe ni yuleyule, lakini mkono unakaza na moyo unalegea. Vipokezi vya msulini huitwa vya nikotini, kwa sababu nikotini ya tumbaku huweza kuamsha vipokezi vya jamii hiyo, na vya moyoni huitwa vya muskarini, kwa jina la sumu iliyopatikana katika uyoga. Andika majina yote mawili upande wa kulia wa mchoro, kwa kuwa bila kuyatenganisha hutaelewa ni kwa nini dawa moja huokoa mapafu ya mgonjwa na kuiacha misuli yake ikiwa bado imepooza.

Ubongoni utaratibu ni huohuo, isipokuwa kazi nyingi ya kusisimua hufanywa na glutameti, na kazi nyingi ya kutuliza hufanywa na gaba, ambayo hufungua milango ya kloridi na kuifanya seli iwe ngumu kusisimuka. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nyingi kati yake hupokea glutameti na gaba kwa pamoja muda wote, zikijumlisha na kutoa kabla ya kuamua kutuma umeme au kunyamaza.

Swali la nne na viuatilifu

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika neva kanuni ni kinyume: mjumbe akishapeleka ujumbe ni lazima auawe papo hapo, la sivyo ujumbe mmoja unageuka kelele isiyokoma. Ndani ya ufa kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi ya kikemikali, kiitwacho asetilikolinesterasi, na molekuli moja ya kimeng'enya hicho huweza kukata maelfu ya molekuli za asetilikolini katika sekunde moja. Kolini inayobaki hurudishwa ndani ya kitufe na kutumika upya. Wajumbe wengine, kama dopamini na serotonini, huondolewa hasa kwa kufyonzwa wakiwa wazima na kurudishwa kwenye kitufe walichotoka. Chora mkasi ndani ya ufa kuwakilisha kimeng'enya, na pampu kwenye ukingo wa kitufe kuwakilisha ufyonzaji.

Sasa ufunike mkasi huo kwa kidole. Hicho ndicho kinachofanywa na viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama daimethoeti, profenofosi na klorpirifosi, ambavyo wakulima wa mboga, pamba na kahawa katika nchi zetu wamevitumia kwa miaka mingi. Vilibuniwa kuua wadudu kwa kuwa wadudu nao hutumia asetilikolini. Bahati mbaya ni kwamba kimeng'enya chao na chetu vinafanana mno. Molekuli ya sumu hujishikiza kwenye kimeng'enya na kukiziba, asetilikolini hurundikana ndani ya ufa, na kila kipokezi huendelea kupigiwa hodi.

Kabla ya kusoma mbele, jaribu kutabiri dalili ukiangalia mchoro tu. Kwenye vipokezi vya muskarini, tezi zote hufunguka: mate, machozi, jasho na kamasi hutoka kwa wingi, mapafu hujaa majimaji, tumbo hunyonga na kuhara, mkojo hutoka bila hiari, mboni za macho hubana hadi kuwa kama ncha ya sindano, na mara nyingi moyo hupunguza mapigo. Kwenye vipokezi vya nikotini, misuli huanza kuchezacheza chini ya ngozi, kisha, kwa kuchoshwa na amri zisizokoma, hulegea na kupooza, ikiwemo misuli ya kupumulia. Ubongoni hutokea kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Anayejua sinapsi hahitaji kuikariri orodha hiyo. Huisoma kutoka kwenye mchoro.

Mtu akipatwa na hali hiyo shambani, mwondoe kwenye eneo lenye sumu, ukijikinga mikono yako kwanza, kwa maana sumu hupenya ngozi na wasaidizi hudhurika wasipoangalia. Mvue nguo zote zilizolowa, umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Akiwa anatapika au fahamu zimempungua, mlaze ubavu ili matapishi yasiingie mapafuni. Usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Maziwa hayafanyi lolote kwa kimeng'enya kilichozibwa, na mgonjwa anayepoteza fahamu huweza kupaliwa nayo. Mpeleke hospitali bila kuchelewa, na upeleke kibandiko cha kiuatilifu au upige picha jina la kiambato chake, kwa sababu jina la biashara pekee halimwambii daktari ni swali lipi la mchoro limeguswa. Mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko, ambapo nyekundu ni sumu kali kuliko zote ikifuatwa na njano, buluu na kijani, huonyesha ukali wa sumu lakini hauonyeshi namna inavyofanya kazi.

Hospitalini mgonjwa hupewa atropini. Iweke kwenye mchoro: haigusi mkasi hata kidogo, bali hukalia vipokezi vya muskarini ili asetilikolini iliyorundikana isipate pa kushika. Ndiyo maana daktari huendelea kuiongeza hadi mapafu yakauke na moyo upate nguvu, na ndiyo maana haiwezi kuirudishia nguvu misuli ya kupumulia, ambayo vipokezi vyake ni vya nikotini. Hapo mgonjwa huhitaji kusaidiwa kupumua kwa mashine. Ipo pia dawa ya pralidoksimu, ambayo kazi yake ni kuing'oa sumu kutoka kwenye kimeng'enya, lakini ni lazima iwahi, kwa kuwa kadiri muda unavyopita ndivyo kifungo kati ya sumu na kimeng'enya kinavyokuwa cha kudumu. Kimeng'enya kilichopotea kabisa hutengenezwa upya na mwili kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo ilipo hatari kwa mkulima anayenyunyizia kila juma bila glavu: dozi ndogo ambazo moja moja hazimfanyi kitu hujumlishana.

Jambo la kushangaza ni kwamba kuuziba mkasi huohuo, kwa kipimo na kwa muda mfupi, ni tiba. Katika ugonjwa wa myasthenia gravis, kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli, kope zikalegea na mgonjwa akachoka kutafuna. Dawa ya pairidostigmini huzuia kimeng'enya kwa saa chache, mjumbe hukaa zaidi ndani ya ufa, na vipokezi vichache vilivyobaki hupata nafasi ya kuguswa mara nyingi zaidi.

Pepopunda: kosa moja, mahali pawili

Rudi kwenye zile protini zinazokivuta kifuko. Bakteria wa pepopunda hutoa sumu inayoikata mojawapo ya protini hizo, na bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaotokana hasa na chakula kilichohifadhiwa vibaya, hutoa sumu za jamii moja nayo zinazokata protini za mtambo huohuo. Hata hivyo, mgonjwa wa botulizimu hulegea mwili mzima, na mgonjwa wa pepopunda hukakamaa, taya zikafungana na mgongo ukapinda kama upinde. Swali la pili peke yake haliwezi kueleza tofauti hiyo. Inabidi uulize ni seli gani iliyozuiwa kumwachilia mjumbe wake. Sumu ya botulizimu hubaki kwenye ncha ya neva inayogusa msuli, ikazuia asetilikolini, na msuli usipate amri. Sumu ya pepopunda huingia kupitia jeraha, au kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa kifaa kichafu, ikapanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo, na huko huzuia gaba na glaisini, wajumbe ambao kazi yao ni kuzituliza seli zinazoamuru misuli. Breki ikiondolewa, sauti au mguso mdogo hutosha kuikaza misuli yote. Dawa ya kuua sumu huidaka ile iliyo bado katika damu tu. Iliyokwisha kuingia ndani ya neva haifikiwi, na mgonjwa hupona polepole kwa wiki nyingi, huku akitulizwa kwa dawa kama diazepamu, ambayo huongeza nguvu ya gaba pale inapoendelea kutolewa. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, chanjo ina thamani kuliko chochote kinachofanyika baada ya kuugua.

Mazoezi mawili ya nyumbani

Chukua kikombe cha kahawa. Tunapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka ubongoni na kujishika kwenye vipokezi vinavyopunguza kasi ya seli, nasi tukahisi usingizi. Kafeini hufanana na adenosini kiasi cha kuweza kukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Iandike chini ya swali la tatu. Haijaondoa adenosini hata chembe, kwa hiyo kafeini inapokwisha uchovu uliokuwa ukisubiri hurudi wote. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, na mwenye kunywa saa kumi na mbili jioni huingia kitandani saa tano usiku akiwa na nusu kikombe kichwani.

Zoezi la pili ni miraa, ambayo Tanzania huitwa mirungi na imepigwa marufuku, ilhali Meru nchini Kenya ni zao la biashara. Kiini chake ni kathinoni, ambayo hupita katika pampu za ufyonzaji na kuzilazimisha zifanye kazi kinyumenyume, zikimwaga dopamini na noradrenalini ndani ya ufa badala ya kuzirudisha. Iandike chini ya swali la pili na la nne kwa pamoja. Kathinoni huharibika majani yanaponyauka, na hilo ndilo linaloeleza ni kwa nini vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba na magari yanayoibeba hukimbia vile.

Swali la tano, na karatasi ya dawa yako

Ubongo umezungushiwa kizuizi kati yake na damu, na vitu vingi havipiti. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, seli zinazotengeneza dopamini katika sehemu moja ya shina la ubongo hufa taratibu, lakini kumpa mgonjwa dopamini yenyewe hakumsaidii kitu, kwa sababu haivuki kizuizi hicho. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha miaka ya 1950 kwamba sungura waliokosa dopamini, wakalala bila kujongea, walisimama tena walipopewa malighafi yake, levodopa, ambayo huvuka na kugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Levodopa bado ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huo, na Carlsson alipata Nobel mwaka 2000 pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel.

Sasa chukua jina la dawa unayoitumia au anayoitumia mtu wa nyumbani kwako, na ujaze karatasi mpya. Tuseme ni fluoksetini, inayotolewa kwa sonona. Chini ya swali la nne utaandika kwamba huziba pampu inayofyonza serotonini. Kazi hiyo huanza siku za mwanzo kabisa, lakini nafuu huchukua wiki mbili hadi sita kuonekana, kwa kuwa seli huhitaji muda kurekebisha vipokezi vyake zikikabiliwa na hali mpya ndani ya ufa. Kwa hiyo juu kabisa ya ukurasa andika tarehe ya kuanza dozi, na chini yake jina la daktari wa kuulizwa kabla ya kuiacha, kwa maana vipokezi vilivyochukua wiki kuzoea dawa havirudi vilivyokuwa kwa usiku mmoja, na dawa nyingi za neva, hasa za kifafa na jamii ya diazepamu, ni hatari kukatizwa ghafla.